Ushahidi wa Mlango

1

Mlango wa nyumba ya Mwinyihija ulisomwa Jumanne, saa tatu asubuhi, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Sheria ndivyo inavyotaka: mlango usomwe mchana kweupe, mwenye nyumba awepo, wadai wawepo, asije mtu kesho akasema mlango umesingiziwa.

Waliowahi walikaa barazani. Waliochelewa walijibanza kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na waliochelewa zaidi wakapigwa jua kama mihogo ya kuanika. Bi Zafarani binti Feruzi alikuwa na kiti chake cha plastiki, mstari wa mbele, kikimngoja kama kilivyomngoja kwenye milango sitini na miwili iliyotangulia.

Mji wa Kirindo unamjua mwanamke huyu kwa sauti. Miaka ishirini na miwili aliwapigia kelele wakubwa wa mji: barabarani, redioni, kwenye mazishi yao. Alilala rumande mara mbili. Siku moja alimwagiwa maji machafu kutoka ghorofani, naye akasimama pale pale akitiririka, akataja jina la aliyemwaga, na la baba yake, na mwaka ambao babu yake alipora shamba la minazi la yatima. Hasahau. Shule aliishia darasa la saba. Mengine aliyasoma kwenye vitabu vilivyoachwa na watalii, bila mwalimu wa kumwambia hili zito hili jepesi. Mwishowe wakubwa walichoka wakapitisha Sheria ya Urejesho: nyumba yoyote ya mawe itakayothibitika kusimamishwa na watu walionunuliwa, irudi kwa vizazi vya watu hao.

Itathibitikaje? Hati wenye nyumba walizichoma wenyewe. Zilizobaki zililiwa na mchwa, na za mwisho zilikwenda na maji bahari ilipopanda ikameza nusu ya mji. Mwenye nyumba hasikilizwi, maana mwenye nyumba atasema uongo; kifungu hicho Bi Zafarani alikiandika kwa mkono wake. Ikabaki milango ya nakshi. Na milango ilikuwa na msomaji wake.

Karani wa mahakama akakiweka chini kisanduku kisichozidi ukubwa wa mbuzi ya kukunia nazi. Kikatoa shingo nyembamba, na juu ya shingo jicho. Watu wakanyamaza. Huyo ndiye Mfasiri.

Jicho lilianzia chini, likapanda polepole.

"Kizingiti," Mfasiri akasema, kwa sauti isiyo ya mume wala ya mke. "Samaki wawili, magamba yamechongwa. Uzazi na riziki. Yakini, sabini na moja. Mfaa wa kati: yungiyungi. Limetoka Misri, limepita Uhindi. Kuzaliwa upya. Yakini, themanini na nane. Miimo, kulia na kushoto: mnyororo, pete mia moja na nne. Nyumba hii ilisimamishwa na watu walionunuliwa. Yakini, tisini na sita."

Sheria inataka tisini. Vigelegele vilipasuka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma alijitupa mbele, akagusa ukuta wa nyumba kwa viganja viwili kama anayepima homa. Huyo aliitwa Hidaya, mama wa watoto wanne. Kura ya nyumba hii, iliyopigwa kati ya vizazi vya walionunuliwa, ilimwangukia yeye. Makazi yake yalikuwa Ukutani, nyuma ya boma la kuzuia bahari, ambako maji ya bamvua huingia ndani mara mbili kila mwezi na watu hulala juu ya meza.

"Mwenye nyumba ana swali moja," alisema Bi Sekela, hakimu, mwanamke mfupi wa kutoka bara ambaye hakuwahi kuonekana akicheka. "Ulizo lako, mzee."

"Uliza lori la kuhamia linakuja saa ngapi!" mtu akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

Mwinyihija alikuwa mzee wa miaka themanini, mshona kanzu, mrefu, mgongo haujapinda. Aliwangoja wamalize kucheka.

"Nataka kujua," akasema, "nani alisema?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Wenye nyumba wengine walilia, au walitukana, au waliuliza kwa nini mimi na si jirani.

"Maandishi elfu nne na kumi na mawili," akajibu Mfasiri. "Yote yanarudi nyuma hadi kwa msimulizi mmoja. Sauti iliyorekodiwa na mgeni, miaka hamsini na minne iliyopita, mbele ya mlango huu. Msimulizi ni msichana mwongoza watalii. Jina halikutajwa."

Kisha akaicheza.

Ilikuwa sauti changa, inayozungumza lugha ya wageni kwa kuirukaruka, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Mfasiri akaitafsiri nyuma yake: *Unaona minyororo hii, bibi? Kila pete ni mtu mmoja aliyeuzwa. Ihesabu, bibi. Ihesabu.* Halafu ukasikika mwanamke mzee akilia. Halafu, mbali kidogo na chombo, kicheko cha msichana, chenye mluzi mdogo wa pengo la jino la mbele.

Bi Zafarani alijikuta ulimi wake umekwenda kwenye jino la bandia.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nani angeijua sauti ya miaka hamsini na minne? Pembeni yake Songoro, wakili wa Baraza la Vizazi, alikuwa akiandika tarehe ya kumkabidhi Hidaya funguo.

"Msimulizi asiye na jina hatengui usomaji," alisema Bi Sekela. "Pingamizi zitasikilizwa hapa hapa Alhamisi. Akitokea msimulizi mwenyewe, akaapa kwamba alibuni, usomaji utaanguka."

"Huu tu?" aliuliza Songoro, bila kuinua kichwa.

"Huu, na wa milango yote iliyouegemea," akasema Mfasiri. "Nyumba sitini na tatu."

2

Mfasiri hakuzaliwa mahakamani. Waliomtengeneza walikuwa watu wa makumbusho waliochoka kubishana juu ya picha. Kwa nini nyoka anayemeza mkia wake yumo kwenye makaratasi ya waganga wa Misri ya kale, na karne nyingi baadaye yumo kwenye vitabu vya watu waliotaka kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu? Kwa nini komamanga lililopasuka liko mkononi mwa mungu wa kike wa Wayunani, kisha likaonekana mkononi mwa mtoto mchanga kwenye picha za kanisani? Ni jambo moja lililosafiri, au ni mikono tu iliyopenda umbo? Basi wakamlisha kila kilichowahi kuchorwa, kuchongwa au kufumwa, kuanzia michoro ya mapangoni mpaka pindo za kanga. Wakamlisha pia kila neno lililosemwa juu ya vitu hivyo.

Hapo ndipo penye jambo la kuelewa. Mfasiri hajui samaki ni nini. Anachojua ni nani alisema samaki ni nini, nani alimsikia, nani akaandika. Kama wanazuoni: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Wanazuoni, hata hivyo, humpima yule wa kwanza kama alikuwa mkweli. Mfasiri yeye hupima wingi. Likirudiwa mara elfu nne, yakini inapanda.

Na sheria ilisoma yakini tu. Nasaba ya habari haikuulizwa na mtu, mpaka Jumanne ile.

Siku ile ya kurekodiwa Bi Zafarani alikuwa na miaka kumi na tisa. Kila asubuhi waongoza watalii walikuwa wakigombania wageni pale sokoni, na mgeni humfuata mwenye hadithi. Mwenzake mmoja alisema matundu ya ukutani yalikuwa ya kuchungulia wake wa sultani. Yalikuwa ya taa. Mwingine alisema misumari ya mlangoni ni ya kuzuia tembo, Kirindo hakujafika tembo tangu dunia iumbwe. Walizitoa hadithi kama maandazi, za moto, kila siku mpya. Yeye siku hiyo alikuwa na bibi mmoja wa kigeni aliyechoka, anayeangalia saa. Akamwonyesha mnyororo. Neno likamtoka. Bibi akalia. Kesho yake waongozaji wote walikuwa wanahesabu pete.

Baadaye alilikuta neno lake kwenye kitabu. Kisha kwenye kitabu kingine kilichonukuu cha kwanza. Uongo wake uliondoka peku, ukarudi umevaa joho la chuo kikuu, na yeye, mtu wa darasa la saba, akauamkia kwa heshima. Alidhani alibahatisha. Alidhani ukweli ulimpitia mdomoni bila yeye kujua. Mtu akitaka sana jambo liwe kweli, hana haja ya kulaghaiwa na mwingine.

"Ni mimi," akamwambia Songoro alasiri ile, ofisini kwao, chumba chenye feni moja na ramani ya mji yenye vidoti vyekundu sitini na viwili.

"Ni wewe nani?"

"Yule msichana."

Songoro alikuwa na miaka arobaini na mitano; Bi Zafarani ndiye aliyemfundisha kusimama juu ya gari na kuzungumza. Akaweka kalamu chini. Akaenda akafunga mlango, akarudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na mimi sijui. Bibi, umechoka, nenda kapumzike."

"Songoro."

"Umechoka!"

"Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekufundisha kelele."

Akakaa. Akajipangusa uso kwa leso. "Haya. Nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani, usinikatize. Mji huu ulijengwa na nani? Chokaa ilichomwa na nani? Nani alibeba mawe ya matumbawe kichwani kutoka majini? Uliniambia mwenyewe, mama yake bibi yako alikufa kifua kwa vumbi la tanuri. Uongo?"

"Kweli."

"Basi ule mnyororo umesema kweli. Umeisema vibaya, lakini imesemwa."

"Umesema kweli juu ya mji. Haukusema juu ya nyumba. Tumewatoa watu kwenye nyumba, hatukuwatoa kwenye mji."

"Watu! Watu gani? Wakina Mwinyi?" Songoro akacheka kwa uchungu. "Miaka mia mbili mlango wao ulitufungia nje, hawakutaka ushahidi. Sisi ndio tunaulizwa ushahidi kila siku. Na Hidaya utamwambiaje? Mwanawe wa pili ana mapafu ya maji. Na zile familia sitini na mbili ambazo zimeshaingia, zimepaka rangi, zimezika kitovu cha mtoto uani? Ukisimama Alhamisi, unasimama juu ya vichwa vyao."

Bi Zafarani alitazama vidoti vyekundu vya ramani. Alijua majibu ya wakubwa wote. Hili la rafiki hakulijua.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

3

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mwinyihija. Hakujua anakwenda kutafuta nini. Pengine alitaka kumkuta ni mtu mbaya, iwe rahisi.

Mzee alikuwa barazani anashona kofia, miwani puani.

"Habari za asubuhi," akasema Bi Zafarani.

"Siku hizi watu hawaamkii wakubwa?"

"Kuamkia najua. Kushika miguu ya kina Mwinyi niliacha nikiwa na miaka ishirini."

"Ah. Damu haijifichi." Akavuta uzi. "Karibu ukae basi, hata kama huna adabu. Baraza bado ni langu mpaka kesho."

Alikaa. Binti wa mzee, Mwanapili, alitoka na kahawa, akaweka kikombe kimoja tu, mbele ya baba yake. Mzee akakisukuma kikombe kwa mgeni bila kusema neno.

"Nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa," akasema. "Siku ile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ulivaa kanga ya kisutu, na wewe na yule bibi wa Kizungu mmesimama juani. Uliposema ihesabu bibi, nilicheka nikamwaga kahawa. Nikasema, mtoto huyu atafika mbali."

Kikombe kilibaki hewani mkononi mwa Bi Zafarani.

"Unajua ni mimi."

"Tangu siku ya kwanza ya sheria yako."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye nyumba hasikilizwi. Si uliandika wewe?" Akaramba uzi, akautia sindanoni kwa mara moja, macho ya miaka themanini. "Nilibaki na swali moja, nikalitumia."

Alimweleza habari ya mlango kwa sauti ile ile ya kueleza kanzu. Baba yake alikuwa mchonga nakshi. Kwenye karakana, fundi mkuu huchonga mfaa, ule ubao wa katikati, kwa sababu ndio uso wa mlango. Miimo huachiwa wanafunzi. Na mwanafunzi wa kwanza hupewa mnyororo, maana pete moja ikimharibikia anaendelea na ya pili, na jicho la mpita njia halioni. "Ukitazama upande wa kushoto, chini, pete ya tatu ina kichwa kama kiazi. Huyo alikuwa bado mtoto wa patasi. Ndiyo maana ya mnyororo, Bi Zafarani: mkono unajifunza."

"Na mlango wenyewe?"

"Ulinunuliwa mnadani. Ulikuwa wa nyumba nyingine iliyobomoka. Humu hapakuwa na mlango wa nakshi. Mlango ulikuja nyumba imeshachakaa."

Bi Zafarani akashusha pumzi. Basi. Mnyororo si wa watumwa, na mlango si wa nyumba. Uongo juu ya uongo. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Nyumba," Mwinyihija akaendelea, kama mtu anayemalizia tundu la kifungo, "ilijengwa na watu wawili. Mabruki na Zaituni. Walinunuliwa na baba yake babu yangu. Walilala chini ya ngazi. Hapo ndani, nitakuonyesha ukitaka."

Bi Zafarani alirudi akakaa.

"Unasema nini?"

"Nasema ulichotaka kusikia. Mbona umekunja uso?"

"Unaniambia haya, na kesho unaondolewa!"

"Naondolewa kwa kosa la mwanafunzi asiyejua kushika patasi. Hilo linaniuma. Mabruki na Zaituni ni jambo lingine." Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu. "Majina yao tunayajua ndani. Baba alinipa, nami nimempa Mwanapili. Kuyatoa nje sikuyatoa. Hakuna aliyeniuliza. Mmekuja na mitambo, mmekuja na askari, mmeuliza mbao."

"Nikikuuliza kesho mbele za watu, utajibu?"

Mzee akavaa miwani.

"Sijui," akasema. "Kweli kabisa, sijui. Nina binti humu ndani ambaye hana pa kwenda."

Njiani Bi Zafarani aligundua kwamba sasa njia ilikuwa mbaya zaidi. Akinyamaza, Hidaya anapata nyumba, na anaipata kwa haki, na haki yenyewe imesimama juu ya kicheko cha msichana mwenye pengo. Nani angeumia? Mzee mwenyewe amekiri. Angeweza kunyamaza na kulala usingizi. Ila zile nyumba sitini na mbili hakuwa na wa kumkiria. Huenda zote zilikuwa na watu chini ya ngazi. Huenda thelathini. Huenda moja ilikuwa ya mvuvi aliyependa nakshi. Na kati ya hao waliouzwa kweli, hakuna hata mmoja ambaye jina lake limetoka. Alipata nyumba sitini na mbili, na katika nyumba zote hizo hakupata hata jina moja. Hilo lilimkasirisha kuliko yote, na aliyemkasirisha alikuwa yeye mwenyewe.

4

Alhamisi saa tatu, Bi Sekela aliuliza kama kuna pingamizi. Bi Zafarani alisimama. Songoro akamshika mkono, akauachia.

"Jina langu ni Zafarani binti Feruzi," akasema, ingawa hakuna asiyemjua. "Ile sauti ni yangu. Naapa. Nilibuni."

Kwanza walidhani ni mzaha. Yeye ni mtu wa mafumbo jukwaani. Kisha Mfasiri akamgeuzia jicho.

"Tafadhali sema maneno yale tena."

Akatoa jino la bandia, akalishika kiganjani, akayasema kwa lugha ile ile ya kurukaruka. Mluzi ukatoka. Mfasiri hakutumia hata nusu dakika.

"Msimulizi amethibitika. Kauli: ya kubuni. Mnyororo kwenye milango ya Kirindo: maana haijulikani. Usomaji umeanguka. Nyumba sitini na tatu."

Kwenye ramani ya ukutani ofisini kwao, vidoti vingekuwa vinabanduka. Pale mtaani palikuwa na sauti kama ya watu wanaovuta pumzi pamoja, halafu palikuwa na matusi. Malaya mzee. Kibaraka wa kina Mwinyi. Umelipwa nini? Ndala moja ikarushwa ikampata begani. Mtu alikuwa akipiga kelele: "Mimi nimeshazika mama yangu kwenye ile nyumba! Nimfukue?" Bi Zafarani alimfahamu aliyesema. Alikuwepo kwenye mazishi hayo, alishika jeneza.

Songoro alikusanya makaratasi yake, moja moja, akayapanga kwa ukubwa. "Umetuua," akamwambia, polepole. Akaondoka, watu wakampisha njia.

"Sijamaliza," alisema Bi Zafarani. "Bi Hakimu, nina swali. Si kwa kisanduku. Kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hasikilizwi. Kifungu cha saba."

"Nakijua cha saba, nimekiandika mimi. Kifungu cha saba kinasema hasikilizwi pale usomaji unaposimama. Usomaji umesimama?"

Bi Sekela alifungua sheria, akasoma, akaifunga. "Haujasimama. Uliza."

Bi Zafarani alimgeukia mzee. Alikuwa bado na jino mkononi, hakulirudisha, na maneno yalitoka na hewa.

"Mwinyihija. Nani alijenga nyumba hii?"

Mwanapili alikuwa amemshika baba yake mkono wa kanzu. "Baba, umeshashinda," akasema, na watu wa mbele wakasikia. "Nyumba imeshakuwa yako. Nyamaza tu. Nyamaza, twende ndani."

Mzee alitazama mlango wake. Alitazama watu waliomcheka Jumanne. Alimtazama Hidaya, ambaye hakutukana wala hakurusha kitu. Alikuwa amekaa chini mchangani, mikono juu ya kichwa. Karani akaanza kufunga kisanduku.

"Mabruki," mzee akasema.

"Kwa sauti, mzee," alisema hakimu.

"Mabruki. Na Zaituni. Walinunuliwa." Mwanapili akamwachia mkono, akaingia ndani. "Na Majaliwa, mtoto wa Zaituni, yeye alizaliwa humu humu." Hilo la tatu hakuwa amemwambia Bi Zafarani barazani. Mzee akaendelea: "Baba yake msiniulize. Sura yake, walisema, ilikuwa hii yangu, na ya babu yangu kwenye picha; inatosha."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu hawakujua kigelegele kipigwe wapi.

"Niandike?" aliuliza Mfasiri. "Majina matatu, msimulizi mmoja. Yakini ni ndogo. Kumi na mbili."

"Funga hicho kisanduku," alisema Bi Sekela. Aliomba kalamu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo, mshona kanzu akampa chaki yake ya kuchorea vitambaa, naye akaandika kwayo juu ya jalada jeusi la sheria. Kisha alisoma. Nyumba ya Mwinyihija, kwa kauli ya mwenyewe, inakwenda kwa Hidaya. Mzee na bintiye wabaki chumba cha chini mpaka wapate pengine, wakikubaliana wenyewe. Nyumba sitini na mbili: waliomo wasitolewe kwa siku tisini. Ndani ya siku hizo, mwenyewe wa zamani anayetaka nyumba yake aje aape hadharani kwamba haikusimamishwa na mtu aliyenunuliwa. Akiapa, anarudishiwa.

"Wataapa wote," mtu akasema nyuma.

"Pengine," akajibu hakimu.

Hidaya alinyanyuka, akakung'uta mchanga. Alipita karibu na Bi Zafarani, akasimama.

"Mimi nimepata," akasema. "Wenzangu umewatupa majini. Nikikuona njiani, bibi, usinisalimu. Sitaki watoto wangu wanione sikuitikii."

5

Wenye nyumba wa zamani wengi walihamia Mji Mpya, kwenye maghorofa ya juu ya kilima yaliyotengenezwa kwa mtambo, ghorofa moja kwa siku, kama matofali ya barafu. Jumamosi asubuhi Bi Zafarani alipanda huko kwa miguu, akipumzika kila kona. Baraza la Vizazi lilimfuta uanachama Ijumaa. Hakuwa na cheo tena, wala karani, wala kiti. Alikuwa na majina ya watu sitini na wawili kichwani, na ya baba zao, na alijua kila mmoja alihamia wapi, maana ni yeye aliyewahamisha.

Wa kwanza alikuwa Bwana Shekuwe, aliyekuwa mwenye duka la vyombo, aliyetolewa miaka minane nyuma akiwa amebebwa na askari wawili. Mlango wake ulikuwa wa plastiki, mweupe, hauna hata mkwaruzo.

Akabisha. Mlango ukafunguka kiasi cha vidole vitatu.

"Wewe!" Bwana Shekuwe alisema. "Umekuja kunipa pole? Nimeshasikia. Jumatatu naapa, nachukua nyumba yangu."

"Unayo haki."

"Sasa unataka nini?"

"Kabla hujaapa, nataka kujua. Kwenu walikuwepo?"

"Nani?"

"Watu. Kama walikuwepo, walikuwa na majina. Nataka majina. Sina askari, sina mtambo, na kama hawakuwepo, niambie hawakuwepo, nitakuamini."

Bwana Shekuwe alimtazama, jicho moja ndani ya ule ufa, kwa muda mrefu kuliko mtu asiye na la kusema.

"Ondoka mlangoni kwangu," akasema, akaufunga.

Bi Zafarani hakuondoka. Alishika ukuta, akajishusha taratibu mpaka sakafuni, akanyoosha miguu iliyovimba kwa kilima. Alisikia komeo likisukumwa. Akatega sikio kusikia hatua za mtu anayerudi sebuleni kwake, na hatua hazikusikika. Bwana Shekuwe alikuwa bado amesimama pale pale, upande wa pili wa mlango, akipumua.